Kipindi cha 11: Dawa ya Maumivu kwa Saa Yake

  Kama uko jikoni, punguza moto kidogo usogee karibu na redio. Kama una kalamu na kipande cha karatasi, viweke karibu, maana leo kuna saa za kuandika.

Leo tunazungumza kuhusu maumivu. Sizungumzii kichwa kinachouma jioni moja kikapoa asubuhi. Nazungumzia maumivu ya mgonjwa ambaye hospitali imeeleza kwamba ugonjwa wake hautapona, akarudishwa nyumbani, na sasa wewe ndiye unayemwosha, unayemlisha na unayekesha naye. Huenda ni mama yako mwenye saratani ya mlango wa kizazi. Huenda ni baba mkwe ambaye saratani ya tezi dume imemfikia mifupani. Huenda ni mjomba mwenye saratani ya umio, ile njia ya kupitishia chakula, ambayo hapa Kenya tunaiona kwa wingi kuliko nchi nyingi za dunia.

Familia nyingi hufika nyumbani na neno moja tu kutoka hospitali: "Mpelekeni nyumbani." Wao husikia, "Hakuna kitu kingine cha kufanya." Mama, hayo ni maneno mawili tofauti. Ugonjwa unaweza kukataa kupona, lakini maumivu ya ugonjwa huo yakakubali dawa. Kazi ya kumtuliza mgonjwa wa aina hii, mwili wake, mawazo yake, na hata watu wa nyumba yake, inaitwa huduma shufaa. Hutolewa hospitalini, hutolewa katika vituo vinavyoitwa hospisi, na sehemu yake kubwa hutolewa nyumbani na mtu kama wewe. Nairobi Hospice ilianza mwaka 1990. Baada yake zikaja nyingine, kama za Nyeri, Meru, Eldoret na Mombasa, na siku hizi hospitali nyingi kubwa za kaunti zina kitengo cha huduma shufaa. Wala si lazima mgonjwa awe katika siku zake za mwisho ndipo apelekwe huko. Anaweza kuanza mapema, hata akiwa bado anaendelea na matibabu ya saratani yenyewe, na akiwahi ndivyo anavyofaidika zaidi.

Basi tuingie katika jambo lenyewe.

Katika kuzunguka kwangu kutembelea wagonjwa, kuna kitu ninachokikuta mara kwa mara. Mgonjwa analia usiku kucha. Majirani wanasikia. Watoto wanaenda shule bila usingizi. Na ukifungua kabati, au ukiinua kitambaa kilichofunika sanduku, chupa ya dawa ya maumivu iko pale, imejaa, haijaguswa. Ililetwa kutoka hospitali wiki mbili zilizopita. Ukiuliza kwa nini, unajibiwa, "Sista, tuliambiwa hiyo ni dawa ya mwisho. Tunaiweka mpaka atakapozidiwa kabisa."

Dawa hiyo ni mofini. Ni maji machungu yanayonywewa kwa mdomo. Hutengenezwa kwa unga wa mofini uliopimwa na kuchanganywa na maji safi pamoja na kitu cha kuizuia isiharibike. Si dawa ya matajiri. Majirani zetu wa Uganda wamekuwa wakiitumia hivyo kwa wagonjwa wa nyumbani tangu mwaka 1993, wakati Dkt. Anne Merriman, ambaye kabla ya hapo alifanya kazi Nairobi Hospice, alipoanzisha Hospice Africa Uganda. Mwaka 2004 Uganda ilipitisha sheria ya kuwaruhusu wauguzi waliosomea kazi hiyo kuiandika wenyewe, ili mgonjwa wa kijijini asingoje daktari.

Kwa nini basi chupa inakaa kabatini? Kwa sababu ya hofu, na hofu hizo nimezisikia sana.

Ya kwanza ni kwamba mofini inaua, kwamba ukianza kuinywa umeshapiga hodi kaburini. Hofu hii ina chanzo chake. Watu wengi wamemwona mgonjwa akipewa mofini Jumatatu na kufariki Ijumaa, wakafunga hesabu. Lakini hebu jiulize, alipewa lini? Alipewa akiwa amebakiza siku chache, baada ya kuteseka miezi sita bila kupewa chochote. Kilichomuua ni saratani. Mofini ikitolewa kwa kipimo kilichoandikwa, ikaanza kidogo na kuongezwa polepole, haimharakishi mtu kufa. Kuna wagonjwa wanaoitumia kwa miezi mingi, wengine kwa miaka, wakienda kanisani au msikitini, wakichambua maharagwe, wakikaa kivulini na wajukuu. Anayeumwa sana hali wala halali, na kukosa chakula na usingizi ndiko kunakommaliza haraka.

Ya pili ni hofu ya kuwa mraibu. Hii huwatisha hata wahudumu wengine wa afya, nasema kweli. Tumeona vijana walioharibiwa na dawa za kulevya katika miji yetu, kwa hivyo mtu akisikia jina mofini anashtuka. Lakini mtazame mgonjwa wako. Mraibu hutafuta dawa ili asahau dunia. Mgonjwa wa saratani akipata dawa yake hurudi duniani: anauliza ng'ombe amezaa au bado, anataka kujua nani amekuja. Ni kweli kwamba mwili wake utaizoea, na ikikatwa ghafla atatoka jasho, ataharisha na viungo vitamuuma. Hilo ni jambo la mwili, na ndiyo sababu tunasema usiikate ghafla na usiiache ikuishie. Ikiwa maumivu yamepungua, kwa mfano baada ya kupigwa miale, hospitali itampunguzia kidogo kidogo hadi aache.

Halafu kuna ile ya kusema, "Tukiitumia sasa, akizidiwa haitafanya kazi." Hii ndiyo inayoijaza chupa vumbi. Mofini haina mahali inapofika na kugota. Maumivu yakiongezeka, daktari huongeza kipimo. Hakuna faida yoyote ya kumwekea akiba ya dawa mtu anayeumwa leo.

Kuna na wale wanaosema maumivu ni mtihani wa kuvumiliwa. Sitabishana na imani ya mtu. Nitasema tu kwamba sijaona kitabu cha dini kinachokataza kumtuliza anayelia, na viongozi wa dini ninaofanya kazi nao hunisaidia sana kuwaeleza waumini wao. Mkiwa na wasiwasi, muulizeni padri, mchungaji au shehe wenu mgonjwa akiwa anasikia.

Sasa chukua kalamu.

Mofini hii ya maji ikinywewa hufanya kazi kwa muda wa saa nne hivi, kisha nguvu zake huisha. Kwa hivyo mgonjwa hupewa kila baada ya saa nne, kwa saa yake, bila kungoja alie. Wengi wanaandikiwa hivi: saa 12 asubuhi, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, na saa 4 usiku. Kile cha saa 4 usiku mara nyingi huandikwa mara mbili ya kile cha mchana, ili mgonjwa alale mpaka asubuhi bila kuamshwa saa 8 za usiku. Na akilala yeye, na wewe unalala. Lakini usiongeze cha usiku kwa kunisikia mimi redioni. Fuata kilichoandikwa kwenye karatasi ya mgonjwa wako. Mzee ambaye figo zake zimechoka anaweza kuandikiwa kipimo kidogo zaidi, au kila baada ya saa sita ama nane, kwa sababu dawa inakaa mwilini mwake muda mrefu.

Kwa nini kwa saa? Kina mama wa mashambani mtanielewa upesi. Ni rahisi kumzuia ng'ombe asiingie kwenye mahindi kuliko kumtoa akishaingia. Maumivu yakiachwa yapande mpaka mgonjwa apige kelele, dawa ile ile iliyotosha asubuhi haitatosha tena, na itachukua muda kuyashusha. Ukimpa kabla nguvu za kile cha kwanza hazijaisha, maumivu hayapati mlango. Hii ndiyo maana ya kutoa dawa kwa saa, na ni jambo ambalo Shirika la Afya Duniani limekuwa likilifundisha tangu mwaka 1986 katika utaratibu wake wa kutibu maumivu ya saratani. Mgonjwa akisema "sasa siumwi", usiseme basi tuache. Haumwi kwa sababu ya dawa.

Kama nyumba haina saa ya ukutani, tumia simu. Weka kengele. Wengine hutumia taarifa ya habari ya redio, na watoto wa shule ni wazuri sana wa kukumbusha. Pima dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano, au kwa kikombe kidogo ulichopewa hospitalini. Usipime kwa kijiko cha chai, kwa sababu vijiko vya nyumbani havilingani, na tofauti hiyo kwa mofini ni kubwa. Halafu soma maandishi ya chupa kila unapoletewa mpya. Mofini hutengenezwa kwa nguvu tofauti, na chupa mpya inaweza kuwa kali kuliko ya kwanza ingawa inafanana nayo. Kiasi kikibadilika, mwombe mhudumu akuonyeshe alama yenyewe kwenye bomba, na uiwekee mstari wa kalamu.

Mara nyingine maumivu huruka katikati ya saa mbili za dawa, hasa unapomgeuza, unapomwosha au unaposafisha kidonda. Hapo kuna kipimo cha ziada. Uliza hospitalini ni kiasi gani na kinaweza kutolewa mara ngapi kwa siku. Ukijua unamwosha saa 3, unaweza kumpa cha ziada nusu saa kabla. Kila unapompa, andika. Ukiona umempa mara nyingi kwa siku moja, usilaumu dawa: kipimo cha kawaida kimekuwa kidogo, nacho kinahitaji kuongezwa. Piga simu au nenda na ile karatasi.

Kabla sijaendelea na mofini, neno kuhusu dawa ndogo. Si kila maumivu ya mgonjwa wa muda mrefu yanahitaji mofini. Maumivu madogo huanza na parasetamoli, na mara nyingi parasetamoli huendelea kutolewa pamoja na mofini kwa sababu zinasaidiana. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, na mzee aliyekonda au mwenye ini bovu apewe vichache zaidi kama atakavyoshauri mhudumu. Kumbuka dawa nyingi za mafua zina parasetamoli ndani yake. Dawa kama ibuprofeni na diklofenaki, zile tunazonunua kwa kemisti kwa maumivu ya mgongo, ni hatari kwa wazee zikitumiwa kila siku. Huchubua tumbo mpaka likatoa damu, na huumiza figo. Mzee akianza kunya choo cheusi kama lami, mwache kuzitumia mara moja umpeleke hospitali.

Sasa mambo ambayo mofini yenyewe huleta, ili usije ukashtuka na kuimwaga.

Siku mbili tatu za kwanza mgonjwa atalala sana. Mara nyingi ni usingizi wa madeni. Mtu hajalala vizuri wiki tatu, amepata nafuu, mwache alale. Ukimwita anaitika, anakunywa uji, anarudi kulala. Siku ya nne au ya tano usingizi hupungua. Anaweza pia kuhisi kichefuchefu siku hizo za mwanzo, na kuna dawa ya kukituliza, iombe.

Kitu kisichopungua ni kufunga choo. Karibu kila mgonjwa anayetumia mofini kila siku hufunga choo, na anastahili kupewa dawa ya kulainisha choo, kama bisakodili, tangu siku ya kwanza ya mofini. Ukirudi nyumbani na mofini bila dawa ya choo, rudi ukaulize. Mpe maji kidogo kidogo, papai, mboga kama anaweza kula. Akikaa siku tatu bila kwenda haja, mjulishe mhudumu. Nimewaona wagonjwa waliokataa mofini wakisema imewaumiza tumbo, kumbe tumbo limejaa choo kigumu na hakuna aliyeuliza. Watu wanaona aibu kuzungumzia choo, hasa mkwe na baba mkwe. Hapo mtume kijana wa kiume wa nyumbani aulize, au mwite mhudumu.

Dalili za hatari ni nyingine kabisa. Ukimwita kwa sauti na kumtikisa haamki, anapumua polepole mno na pumzi zinaachana sana, na ukimfunua macho mboni zimekuwa ndogo kama ncha ya sindano, dawa imezidi. Usimpe kipimo kinachofuata. Piga simu hospitali au mpeleke upesi, ukiwa umebeba chupa. Jambo hili ni nadra kwa anayefuata maandishi. Mara nyingi hutokea mtu mwingine wa nyumbani akitoa dawa bila kujua kwamba umeshatoa, na ndiyo maana ya ile karatasi ya kuandika. Usichanganye mofini na pombe wala dawa za usingizi. Na kama mgonjwa anatumia dawa za mitishamba, mweleze daktari bila kuficha.

Mtu atauliza, nitajuaje anaumwa kiasi gani? Muulize mwenyewe, kwa mkono wake. Ngumi iliyofungwa maana yake siumwi. Kidole kimoja, naumwa kidogo. Vidole vitano, siwezi kuvumilia. Muulize asubuhi na jioni, na uandike namba. Ukifika kliniki ukasema "wiki iliyopita alikuwa vidole vinne, sasa ni viwili, lakini usiku vinapanda vitatu," daktari atafanya kazi nzuri kuliko ukisema "anaumwa sana".

Wazee wana shida yao. Mzee wa kiume amelelewa asilie, na ukimuuliza mbele ya watu atafunga ngumi hata kama mfupa unamwaka moto. Muulize mkiwa wawili. Nyanya naye anaweza kuficha kwa sababu anahesabu gharama. Anajua mwanawe ameuza mbuzi kulipia vipimo, hataki auze na mwingine. Akisema "mimi niko sawa tu, mwanangu," tazama uso wake unapomgeuza. Kwa mzee aliyepotewa na kumbukumbu, au asiyeweza tena kusema, maumivu huonekana kwenye mwili: anakunja uso, anashika mahali pamoja, anaguna ukimgusa, anakataa chakula, anakuwa mkali bila sababu, anatembeza mikono kwenye blanketi. Wengi husema "ni uzee huo". Uzee wenyewe haulizi mtu usiku. Mtafutie sababu.

Halafu kuna yale maumivu ambayo chupa haifikii. Dkt. Cicely Saunders, aliyefungua Hospisi ya St Christopher's huko London mwaka 1967, alifundisha kwamba mgonjwa anaweza kuumwa mwilini, moyoni, katika mambo ya jamaa zake na katika imani yake, vyote kwa pamoja. Mama anayejiuliza nani atamlelea mtoto wa mwisho, au ambaye hajapatana na dada yake miaka kumi, anaweza kubaki kwenye vidole vitatu hata ukimwongezea dawa. Muulize, "Ni nini kinakusumbua zaidi?" kisha nyamaza umsikilize. Na usimfiche ugonjwa wake kama anataka kuujua. Wagonjwa wengi wanajua, wanangoja tu mtu atakayekubali kuzungumza nao.

Dawa unapataje? Mofini haiuzwi kama parasetamoli, inaandikwa na daktari na inahesabiwa. Anzia kwenye hospitali iliyompima, uliza kitengo cha huduma shufaa kiko wapi. Kama hawana, waombe barua ya kukupeleka hospitali ya rufaa ya kaunti au hospisi iliyo karibu. Sitawadanganya, hapa ndipo penye shida. Mwaka 2010 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto wa Kenya walioumwa bila kupata dawa za maumivu, na ingawa vitengo vimeongezeka tangu hapo, dispensari nyingi za vijijini bado hazina mofini, na hata hospitali kubwa huishiwa. Mwingine hupanda matatu mbili na boda boda, afike aambiwe arudi Alhamisi. Kwa hivyo piga simu kwanza. Uliza kama mtu wa nyumbani anaweza kuichukua badala ya mgonjwa, na aende na kitabu chake, kitambulisho na ile karatasi ya vidole. Usingoje chupa ikauke. Ikibaki ya wiki moja, anza safari.

Hakikisha pia mgonjwa amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, na uulize hospitalini nini kinalipiwa na nini hakilipiwi kabla ya kuuza chochote. Mhamasishaji wa afya ya jamii wa mtaa wenu, yule mwenye mkoba, anaweza kukuelekeza na kukuunganisha na muuguzi. Mwite. Usingoje apite.

Nyumbani, chupa ikae mahali pasipo na jua wala joto la jiko, na pasipofikiwa na mtoto. Ifungie. Kisanduku chenye kufuli kinatosha. Wala si lazima kila mgeni anayekuja kumwona mgonjwa ajue dawa iko wapi. Mtoto mdogo akionja mofini anaweza kuacha kupumua, kwa hivyo usiimimine kamwe kwenye chupa ya soda.

Kina mama, kuhusu ninyi wenyewe nitasema kidogo tu, ingawa ni jambo kubwa. Kazi hii mara nyingi huangukia mtu mmoja, binti ambaye hajaolewa au mke wa mwana, na wengine hutuma pesa na maagizo kwa simu. Ratiba ya dawa inasaidia kugawa kazi. Mpe shemeji saa 12 jioni na saa 4 usiku. Anayejua kusoma saa na kupima kwa bomba anaweza kufanya kazi hii, na mwanamume pia ana macho. Wewe ukalale.

Siku zikikaribia mwisho, mgonjwa hupunguza kula, kisha kunywa. Usimlazimishe chakula, kinaweza kumpalia. Lowesha midomo yake kwa kitambaa safi chenye maji. Maumivu hayaishi kwa sababu mtu ameacha kusema, kwa hivyo mofini iendelee. Akishindwa kumeza, mpigie simu mhudumu akueleze namna ya kuitia kidogo kidogo ndani ya shavu, au njia nyingine. Pumzi zake zitabadilika, zitakuwa na mkoromo, zitasimama na kuanza tena. Hiyo si dawa, ni mwili unaofunga kazi. Kama mmekubaliana abaki nyumbani, semezaneni jamaa wote mapema, ili asije ndugu wa mjini usiku wa manane na gari la kukodi, mgonjwa akafia njiani na deni likabaki.

Akishatulia, mofini iliyobaki irudishe hospitali au hospisi ilikotoka. Usimpe jirani ambaye naye ana mgonjwa, hata akikuomba kwa machozi. Kipimo cha mama yako kinaweza kumuua mtu ambaye hajawahi kuinywa. Mwelekeze huyo jirani mlikopita ninyi, na kama unaweza, mwandamane siku ya kwanza.

Juma lijalo saa zetu zile zile tutazungumza kuhusu vidonda vya kulala kitandani, na namna ya kuondoa harufu ya kidonda cha saratani, jambo ambalo wengi wenu mmeniuliza. Kwaherini.